Nyumba Njema si Mlango: Mwongozo wa Kuhukumu Kiambaza

Methali isemayo kwamba nyumba njema si mlango hutumika aghalabu kwa watu, pale tunapotaka kumwonya kijana asivutwe na sura akasahau tabia. Na kwa kuwa tumezoea kuisikia katika mambo ya posa na urafiki, wengi wetu hatukumbuki tena kwamba maneno yake ni ya nyumba kabla hayajawa ya kitu kingine. Katika karatasi hizi nataka kuirudisha methali hiyo mahali pake, juu ya nyumba ya Pwani ya miti na udongo, yenye kiambaza kilichokandikwa, chokaa iliyopakwa na paa la makuti, na kumwonyesha msomaji njia ambazo jicho lenye mazoea huzifuata linapotaka kujua kama nyumba hiyo ilijengwa kwa ustadi au kwa haraka ya kupokea ujira.

Mwongozo huu sikuupata kitabuni. Nilipokuwa kijana nilifuatana na mjomba wangu kwenda kuitazama nyumba iliyokuwa ikiuzwa katika kijiji kimoja karibu na Pangani, na pamoja nasi alikuwapo fundi mmoja mtu mzima, ambaye mjomba alimwomba awe jicho lake. Mimi nilisimama barazani nikausifu mlango, maana ulikuwa wa mvule, umechongwa maua, na niru ya ukutani ilikuwa nyeupe hata ikiumiza macho. Yule fundi hakuutazama. Alizunguka nyuma ya nyumba, akachutama penye pembe, akatoa msumari mrefu mfukoni, akaanza kuuchoma mguu wa nguzo.

"Mzee, mbona huutazami mlango?" nilimwuliza.

"Mwanangu," alinijibu bila ya kuinua kichwa, "mlango haunyeshewi."

Mjomba hakuinunua nyumba ile, na mimi nilirudi na somo ambalo sijalimaliza mpaka leo.

Kabla ya kushika msumari yafaa tuondoe dharau moja. Watu wengi hudhani kwamba udongo ni sitara ya asiyekuwa na uwezo wa mawe, na kwamba mtu akishapata fedha hana budi kuuacha kama aachavyo kanzu kuukuu. Historia ya Pwani haiungi mkono dhana hiyo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mchimbaji wa mambo ya kale Mark Horton alikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti iliyoutangulia, na wa awali kabisa, wa karne ya 8, ulikuwa wa miti. Na Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331, aliuhesabu mji huo miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa kwa makini, ilhali yeye mwenyewe aliandika kwamba majengo yake yalikuwa ya miti na mapaa yake ya majani. Fauka ya hayo, hata nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilitii amri ya mti: kwa kuwa boriti ya mkoko haichukui salama sakafu nzito ya mawe na chokaa katika nafasi ipitayo mita 3 hivi, vyumba vyake vilikuwa virefu na vyembamba, na tajiri aliyeweza kununua kila kitu hakuweza kununua upana. Basi tuutazame udongo kwa heshima, ndipo tutakapoweza kuuhukumu kwa insafu.

Mguu wa nyumba

Adui mkuu wa kiambaza ni maji. Mchwa na fukusi huja nyuma yake, na mara nyingi yeye ndiye huwafungulia njia. Kwa hiyo mwenye kutaka kuihukumu nyumba na aizunguke kwanza, na mzunguko wake uanzie nyuma, maana mbele mwenyewe hupapamba kwa ajili ya wageni, na nyuma hupaachia ukweli. Maji yadondokayo kutoka ukingoni mwa paa huchimba ardhini mfereji mdogo, ambao huonekana hata wakati wa kiangazi kama mstari wa vijiwe vilivyooshwa. Pima kwa mkono umbali kutoka mstari huo hadi ukutani. Ukiwa ni mkono mmoja na nusu au zaidi, yaani kiasi cha sentimita 70, jua kwamba aliyeujenga upenu ule alikumbuka masika. Ukiwa ni shibiri moja tu, matone huruka na kuurudia ukuta kila yagongapo chini, na hata ukuta huo ungekuwa umekandikwa na fundi wa mafundi, mguu wake utaliwa.

Kisha tazama msingi. Nyumba njema haiinuki moja kwa moja kutoka mchangani; huinuliwa juu ya mawe ya matumbawe na udongo ulioshindiliwa, kimo cha mkono mmoja au karibu yake, na ardhi iliyoizunguka huinama kuelekea nje ili maji yasipate pa kukaa. Baraza ya mbele, ambayo mgeni huiona kuwa ni mahali pa mazungumzo na bao, ina kazi ya pili isiyotajwa, nayo ni kuuvika ukuta kiatu upande ule uelekeao njia. Viraka vya udongo mpya mguuni mwa ukuta visikutishe, kwa kuwa vinashuhudia kwamba nyumba ina mwenyewe. Alama ya kuiogopa ni doa la unyevu lipandalo juu ya msingi na kuacha ukingo wa chumvi nyeupe kama unga, maana hapo maji hayaji kutoka juu, ambako mtu anaweza kuyazuia kwa makuti, bali yanapanda kutoka chini, ambako hakuna wa kuyazuia ila aliyejenga, naye hakuyazuia.

Miti

Wauzaji wa miti ya mikoko huipanga kwa unene, na kila daraja lina jina lake: fito ndizo nyembamba kabisa, zikafuatwa na pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo, na huuzwa kwa korija, ambayo ni miti 20. Mnunuzi asiyeyajua majina haya huuziwa mazio kwa bei ya boriti, na nyumba yake huanza kuyumba kabla haijajengwa. Katika nyumba iliyokwisha kusimama, jambo la kwanza la kutazama ni kama kila daraja limepewa kazi yake: nguzo nene katika pembe na katika miimo ya milango, kwa kuwa mlango hugongwa kila siku na pembe huvutwa pande mbili; miti ya wastani kati yake; na wembamba usizidi kuingia mahali pa unene kwa kisingizio kwamba udongo utauficha.

Kila mti una kazi yake baharini na barani. Mlilana hutakiwa na waunda vyombo kwa mataruma. Mkoko wenyewe na mkandaa hutakiwa na wajenzi, kwa sababu hutoa miti iliyonyoka, mizito, na yenye ukali ndani yake. Gome la mkandaa ndilo watu walilolitumia tangu zamani kutengenezea ngozi na kutia rangi, na ukali ule ule unaoizuia ngozi isioze ndio unaowachukiza wadudu. Ndiyo sababu majahazi yaliyokuja kwa kaskazi yalirudi kwa kusi yakiwa yamesheheni boriti za Lamu na Rufiji kwenda Uarabuni na Ghuba, nchi ambazo zilikuwa na mawe ya kutosha na hazikuwa na miti, na kwa upande wa Lamu biashara hiyo iliendelea mpaka Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha nje miti hiyo mwaka 1982. Siku hizi mjenzi wa Kilifi au Malindi aghalabu hutumia mivinje iliyopandwa mashambani, na kufanya hivyo si kosa, maana msitu nao una haki yake. Ila mvinje haumstahimili mchwa kama mkoko, na mwenye kuutumia akauchimbia ardhini bila ya kuukinga, kwa lami au kwa kuuinua juu ya jiwe, ameuza miaka ya nyumba yake kwa bei ya siku moja ya kazi.

Ule msumari wa fundi wa Pangani sasa ndiyo saa yake. Nguzo haiozi kichwani wala haiozi katikati; huoza pale ardhi inapokutana na hewa, kiasi cha vidole vinne chini ya uso wa udongo, mahali ambapo unyevu na pumzi hupatikana kwa pamoja. Fukua kidogo, kisha choma. Mti mzima huukataa msumari na kuurudishia mkono mtetemo. Mti uliooza huupokea kama muhogo wa kuchemsha. Choma nguzo za upande wa mvua kwanza, na usiridhike na moja.

Lakini ithibati kubwa ya ustadi wa miti haitaki msumari. Jiulize: lau udongo wote wa nyumba hii ungeondolewa usiku mmoja, paa lingebaki juu? Katika nyumba njema jibu ni ndiyo, kwa sababu mtambaapanya, ule mti ulazwao juu ya ukuta kupokea makombamoyo, umekaa juu ya vichwa vya nguzo vilivyochongwa panda, na udongo haukupewa mzigo wowote ila kuwasitiri waliomo. Inua macho ndani ya chumba, ufuatie kila kombamoyo mpaka mguuni pake. Ukiona mtambaapanya umelalia udongo mtupu kati ya nguzo na nguzo, au umepinda kama upinde mahali nguzo ilipokosekana, hapo kiambaza kimetwishwa kazi isiyokuwa yake, na kitalipa kwa nyufa. Fundi mwema husimamisha miti, huezeka, na baada ya hapo ndipo hukandika, ili udongo ukauke kivulini polepole; aliyekandika kwanza akaezeka baadaye aliukausha udongo wake juani, na jua halina subira.

Fito na kamba

Baina ya nguzo hupitishwa fito, ndani na nje, zikafanya tundu refu ambalo udongo utatiwa ndani yake. Sehemu hii hufichwa na kazi ifuatayo, lakini haifichwi yote: panda ngazi utazame juu karibu na paa, au ingia katika stoo ambayo mwenyewe hakuona haja ya kuimaliza, nawe utausoma mkono wa fundi kama usomavyo hati. Nafasi kati ya ufito na ufito ikiwa ya vidole vinne mpaka shibiri ndogo, udongo una pa kushika. Ikizidi hapo, bonge huning'inia kwa uzito wake mwenyewe, na siku moja hushuka.

Fundo ni muhimu kuliko ufito. Kamba ya makumbi, ambayo makumbi yake yalifukiwa katika mchanga wa pwani kwa miezi, yakafukuliwa, yakapondwa na kusokotwa, hushika mti bila ya kuujeruhi na hulegea kidogo mti unapopumua. Msumari huupasua ufito mwembamba, hushika kutu kwa hewa ya bahari, na kutu hiyo hula mti ulioizunguka. Sisemi kwamba msumari ni haramu, kwani nimeona nyumba nzuri zenye misumari katika nguzo nene. Nasema kwamba nyumba ambayo fito zake zimepigwa misumari na hazikufungwa, fundi wake alikuwa na haraka. Shika ufito ulio wazi, utikise: ukiutikisa mmoja ukasikia ukuta mzima ukiitika, kazi ni njema, ukitikisika peke yake, kila mmoja uko safarini kivyake.

Udongo

Hapa ndipo maarifa ya mwenyeji yanapomshinda msomi, maana udongo hauna duka wala alama ya kiwanda, na kila mtaa una wake. Udongo wa mfinyanzi peke yake hushika sana na kupasuka sana. Wa kichanga haupasuki na haushiki. Mjenzi hutafuta uliokaa kati, au huuchanganya mwenyewe, na wengi huuheshimu udongo wa kichuguu kwa kuwa mchwa amekwisha kuuchambua na kuukanda. Msomaji anayetaka kujenga anaweza kujaribu kwa njia tatu ambazo hazimgharimu kitu. Chukua udongo, ulowanishe, usokote kama kamba ya unene wa kidole: ukikatika kabla haujafika urefu wa kidole, una mchanga mno. Fanya donge la ukubwa wa chungwa, liache likauke siku kadhaa, kisha liangushe kutoka kimo cha bega: likivunjika vipande vichache vikubwa ni jema, likimwagika kama unga si jema. Mwisho, tia udongo na maji katika chupa, itikise, iache itulie. Mchanga hukaa chini kwanza, vumbi laini hufuata, na mfinyanzi hukaa juu mwishoni kabisa, hata utaona kwa macho ni sehemu ngapi za kila kimoja Mungu amekujaalia.

Udongo hauendi peke yake ukutani. Pwani husaidiwa na vijiwe vya matumbawe, vinavyopangwa baina ya fito na kushindiliwa, na kwingine husaidiwa na majani makavu yaliyokatwa, au kumvi za mpunga, ambazo hufanya kazi ya uzi katika nguo: haziuongezei udongo nguvu ya kubeba, lakini huugawanya ufa mmoja mkubwa ukawa nyufa mia ndogo zisizodhuru. Mji wa Djenné, nchini Mali, ambao msikiti wake mkuu wa udongo ulijengwa mwaka 1907, umeifanya kumvi kuwa sehemu ya lipu yake, na watu wake hutoka pamoja kila mwaka kuukandika upya. Nao hawaoni kwamba kukandika kila mwaka ni dalili ya udhaifu wa jengo, kama vile sisi hatuoni kwamba kuoga kila siku ni dalili ya udhaifu wa mwili.

Kukandika kwenyewe ni kazi ya watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje, wakitazamana kupitia fito na kubandika kwa pamoja, ili bonge la huyu likutane na bonge la yule katikati ya ukuta na kufungana. Mtu mmoja akikandika upande mmoja leo na upande wa pili kesho, kati yake hubaki mwanya, na mwanya huo huwa njia ya panya na makao ya nge. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukisogea hatua baada ya hatua: ukuta mzima hujibu kwa sauti nzito na fupi, na penye mwanya hujibu kama dafu lililokwisha maji.

Nyufa nazo zina lugha. Ufa mwembamba uliotanda kama wavu juu ya uso wote unasema kwamba mfinyanzi ulizidi au tabaka la pili liliwahishwa. Ni kosa la kusameheka, na kandiko jipya huliponya. Ufa mrefu wa wima uufuatao mti kutoka juu mpaka chini unasema kwamba mti ulikandikwa ungali mbichi, ukasinyaa ndani ya udongo. Huo nao husameheka ikiwa umekoma kukua. Ama ufa wa mshazari utokao pembeni mwa mlango au dirisha kupanda juu, huo usisamehewe upesi, maana unasema kwamba kitu fulani chini au juu kimehama, na hakijasema kitahama mpaka wapi.

Chokaa

Chokaa njema huanza na moto. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo katika tanuu, yakachomwa, yakazimwa kwa maji, na unga uliopatikana ukalowekwa na kuachwa ukomae. Na kadiri ulivyoachwa ndivyo unavyokuwa laini na mtiifu. Chokaa isiyokomaa hubaki na chembe ndani yake ambazo hazikupata maji, nazo huyapata baadaye, zikiwa ukutani, zikafura na kutoboa uso moja moja, hata ukuta ukaonekana kana kwamba umeugua ndui. Ukiyaona matundu hayo, usimlaumu aliyepaka. Mlaumu aliyeharakisha tanuu. Ukipitisha kiganja ukutani na kikatoka cheupe pepe, chokaa ilipakwa juu ya ukuta mkavu usiotiwa maji, nayo ilikauka kabla haijashika. Kikitoka safi, au na vumbi dogo tu, chokaa imekwisha kuivuta hewa na kurudia kuwa jiwe, kama ilivyokuwa kabla ya moto. Mchanga wa ufukweni usiooshwa nao utaujua kwa ukuta utokao jasho siku za mawingu, maana chumvi haiachi kuita maji.

Nina sababu ya kusema kwa urefu juu ya jambo hili. Marehemu shangazi yangu alikuwa na nyumba ya udongo iliyokaa miaka mingi kwa chokaa ya kila Ramadhani, mpaka fundi mmoja alipomshawishi aipige lipu ya saruji, akimwambia kwamba ataiaga kazi ya kupaka milele. Miaka mitatu watu waliisifu. Mwaka wa nne, masika yalipokuwa makali, lipu ilibanduka kwa vipande vikubwa kama magamba, na nyuma yake tukakuta udongo umekuwa uji na nguzo mbili zimekwisha. Saruji haikupenyeza maji mengi. Lakini iliyapenyeza kidogo kwenye kila ufa, kisha ikayazuia yasitoke, na udongo, ambao huishi kwa kulowana na kukauka, ulinyimwa kukauka. Neno hilo lenyewe, saruji, wazee wetu walilitumia kwa mchanganyiko wa chokaa na udongo kabla halijahamia kwenye mifuko ya viwandani, na jina lilipohama wengi walidhani kwamba kazi nayo imehama.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kitu cha nje kisiwe kigumu kuliko cha ndani. Ukikuta nyumba ya miti na udongo iliyovikwa saruji, gonga, sikiliza, na uliza ni lini ilivikwa. Na kama ni juzi, subiri masika mawili kabla hujatoa fedha.

Paa

Makuti yafaayo kuezekea ni ya viungo, yaliyoshonwa kwa kukunja majani ya mnazi juu ya kijiti na kuyapitishia ukindu. Makuti ya kumba, ambayo ni jani la mnazi lililopasuliwa na kusukwa, yanafaa ua na kibanda cha kuku, na mwenye kuezekea nyumba kwa hayo amekusudia kuhama. Mwinamo wa paa uwe mkali, ukaribie nyuzi 45, kwa kuwa makuti hayazuii maji kwa ugumu, bali huyaharakisha yashuke kabla hayajapata wasaa wa kupenya. Paa lililolazwa hulowana mpaka ndani na kuota ukungu.

Kisha ingia ndani saa ya adhuhuri, funga milango, utazame juu. Makuti yaliyopangwa kwa kusongamana, kila moja likilifunika la chini yake likabakisha vidole vichache tu, hutoa giza tulivu. Yaliyotandazwa ili yatoshe hutoa nyota mchana. Paa la nyota halifiki miaka mitano, na lile la giza huweza kupita saba, hasa likiwa juu ya jiko la kuni, maana moshi hufukuza wadudu na masizi huyahifadhi majani. Kwa hiyo weusi wa ndani, ambao mgeni huuona uchafu, ni sifa. Tazama vilevile kilele, mahali vipaa viwili vinapokutana, kwa kuwa fundi mvivu huchoka hapo, na mvua huanza hapo. Ama bati na madebe yaliyokunjuliwa, vimeingia juu ya nyumba nyingi za miti na udongo tangu zamani za ukoloni, nami sivikatai, maana moto wa makuti ni msiba wa mtaa mzima. Ila bati humwaga maji yake yote mahali pamoja, na nyumba iliyobadilishiwa paa bila ya kuongezewa upenu imeondolewa mwavuli ikapewa mfereji.

Hukumu

Kwa haya yote msomaji ataona kwamba sikuzungumza juu ya unyofu wa kuta wala ulaini wa uso, mambo ambayo watu huyatazama kwanza. Timazi ina heshima yake, lakini kiambaza kilichobonyea kidogo kwa mkono wa mkandikaji huweza kuishi kuliko wajenzi wake, na kiambaza kilichonyoka kama kioo huweza kuwa kimenyooshwa ili kisiulizwe maswali. Nyumba ya udongo huugua kama mwili uuguavyo, na ubora wake hupimwa kwa wepesi wa kuyaona maradhi yake na wepesi wa kuitibu: nguzo inayofikika, fundo linalofunguka, udongo unaopatikana nyuma ya ua, chokaa inayopakwa na watoto wa nyumbani kabla ya sikukuu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa usioonekana huzibwa na nani?

Ukikutana na fundi, usimwulize bei kwanza. Mwulize miti yake aliikata au aliinunua lini, udongo aliuacha siku ngapi baina ya tabaka na tabaka, na nyumba yake ya zamani zaidi iko wapi. Akikujibu maswali mawili ya mwanzo kwa siku na miezi, na la tatu kwa kukuchukua mguu kwa mguu mpaka uani mwa nyumba hiyo, mpe kazi. Na ukienda kuitazama nyumba iliyokwisha kujengwa, nenda wakati wa masika, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, uwe na msumari mrefu mfukoni, nawe anzia nyuma.